Usitikise Meza

Mgeni akiingia kwangu, kitu cha kwanza anachosikia si "karibu". Ni "usitikise meza." Ndipo nimkaribishe, ndipo nimtafutie kiti, ndipo tuulizane habari. Kuna rafiki yangu mmoja ambaye siku hizi hupiga hodi akijisemea mwenyewe kutoka nje, "Sitikisi meza, fungua."

Juu ya meza hiyo kuna laptopu kuukuu, zile za eks-UK. Kando yake, imefungwa kwa rababendi mbili kwenye kipande cha kadibodi, kuna diski ya nje, ile ambayo mtaani tunaiita ekstano. Ni nyeusi, inatoshea mfuko wa shati, na uzito wake ni kama wa embe dogo. Watu wengi wanayo kama hiyo na wameijaza filamu. Mimi nimeweka kompyuta nzima humo. Mfumo unaoiwasha mashine uko humo, programu zote ziko humo, kila nilichoandika kwa miaka minne kiko humo. Ukichomoa waya wake, kinachobaki mezani ni kioo na kibodi.

Sikuyachagua maisha haya kwa ujanja. Ilikuwa chai.

Januari 2021, tulikuwa tunakaa Kahawa Wendani, wawili chumba kimoja. Mwenzangu alinyoosha mkono kuchukua chaja yake, na kikombe changu cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, kikalala juu ya kibodi. Nilifanya yote ambayo watu husema ufanye. Niliigeuza kifudifudi, nikaifuta, nikaizika siku mbili ndani ya mchele. (Mchele wenyewe tuliupika wiki iliyofuata. Hakuna aliyelalamika.) Siku ya tatu iliwaka, taa zote sawa, halafu kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja mweupe uliosema hakuna diski iliyopatikana.

Nikaibeba hadi Luthuli Avenue. Kama hujawahi kufika Luthuli na kitu kilichokufa, jua tu kwamba kila mlango una mafundi sita, na kila fundi atakuambia yule mwingine ni mwongo. Wangu alikuwa kijana wa rika langu, ametulia, tochi mdomoni. Aliifungua, akanionyesha kona moja ya ule ubao wa ndani, mahali palipokuwa na utando wa kahawia.

"Diski yako ni mzima, bosi," akasema. "Ni hapa pa kuichomekea ndio pamekufa. Sukari imekula njia zote."

Nikamuuliza, nikinunua diski nyingine?

"Haitaonekana pia. Pesa umetupa. Unahitaji madabodi, na hiyo ni elfu tisa."

Mimi nilikuwa na mia nane, na humo mlikuwa na nauli ya kurudi. Nafikiri aliiona usoni, kwa sababu alinyamaza kidogo akiendelea kumulika, kisha akasema, "Lakini tundu za USB ziko poa. Kwani huna ekstano?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeinunua kwa elfu tatu kutoka kwa jamaa mmoja wa mwaka wa nne aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame. Terabaiti moja, imejaa misimu ya tamthilia za Kikorea ambazo hata hakujisumbua kuzifuta.

Alichonieleza fundi yule siku ile, darasani sikuwahi kuelezwa, na nilikuwa nasomea mambo yasiyo mbali na hayo. Kompyuta ikiamka haijui chochote. Haijui ina Windows, haijui jina lako, haijui ina diski ngapi. Kuna kiprogramu kidogo tu kilichoandikwa kwenye chipu iliyo juu ya ubao, na kazi yake ni kufuata orodha: angalia diski ya ndani, kama haipo angalia USB, kama haipo angalia mtandao. Pale itakapokuta mfumo unaoweza kuanza, inaukabidhi usukani. Kwamba mfumo huo uko tumboni mwa mashine au unaning'inia nje kwa waya, si hoja yake.

"Yenyewe haina madharau," akasema, akibonyeza F12.

Diski yangu ya zamani aliitia kwenye kikasha, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akahamisha faili zangu. Kisha akaigawa ile ekstano mara mbili. Gigabaiti 120 akaweka Ubuntu. Zilizobaki akaziacha kwa mpangilio ambao mashine yoyote ya Windows inaweza kuusoma, ili nikienda saiba nisiaibike. Nilitaka aniwekee Windows nzima, nikaambiwa sahau: kisakinishi cha kawaida cha Windows kinakataa diski ya USB. Microsoft waliwahi kuwa na kitu kiitwacho Windows To Go, kwa ajili ya makampuni makubwa, na wakakiondoa mwaka 2020. Yaani nilikuwa nimechelewa kwa mwaka mmoja, na hata ningewahi, si mimi waliyekuwa wakinifikiria.

Akanitoza mia tano. Nilirudi Wendani na shilingi chache, kompyuta yangu ikiwa mfuko wa mbele wa jinzi, laptopu mgongoni kama ganda.

Wiki za kwanza nilijifunza subira. Ndani ya diski ya aina hii kuna sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokimbia huku na huku juu yake kikisoma. Faili moja kubwa, kama filamu, kinaisoma bila taabu, kwa sababu imepangwa mfululizo. Lakini mfumo wa kompyuta si faili moja kubwa. Ni vijifaili maelfu vilivyotapakaa, na kila kimoja kichwa lazima kiruke kukifuata. Kila mruko ni kama sehemu ya mia ya sekunde. Zidisha kwa maelfu, upate dakika nne nilizokuwa nikingoja kila asubuhi. Nilikuwa nikibonyeza kitufe, naenda bafuni, nakoga, narudi, naikuta inamalizia.

Tundu nalo lina maneno yake. Laptopu yangu ina tundu moja la bluu, USB 3.0, na mawili meusi, USB 2.0. Yale meusi, kwa karatasi, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, na ukweli ni kwamba hupati hata 40. La bluu kwa karatasi ni gigabiti 5, kwa hiyo hapo waya si tatizo tena, diski yenyewe ndiyo inayokuchelewesha. Miezi miwili nilitumia tundu jeusi kwa kutojua. Siku niliyohamia la bluu nilihisi nimepandishwa cheo.

Na kuna jambo moja ambalo ningemwambia yeyote anayetaka kuishi hivi: angalia kumbukumbu ya muda, ile RAM. Ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, na ikiwa diski iko mwisho wa waya na inazunguka kwa mwendo wa tumbo la kiangazi, kila kitu kinaganda. Mimi nina gigabaiti 4. Nilijifunza kufungua kurasa tatu tu za intaneti kwa wakati mmoja. Wenzangu walikuwa wakifungua arobaini.

Lakini sitaki nionekane nalia tu. Kulikuwa na uhuru fulani. Stima zikipotea Wendani na laptopu imekufa betri, nilikuwa nachomoa diski, naenda kwa mtu mwenye mashine nzuri upande wa Githurai, nachomeka, nabonyeza F12, na kompyuta yake inakuwa yangu. Mandhari yangu, mipangilio yangu, sentensi niliyoiacha katikati. Nikimaliza nazima, nachomoa, yeye anawasha tena anakuta mashine yake kama alivyoiacha, bila hata alama ya mguu wangu. Na kwa saiba zisizokuruhusu kuzima na kuwasha, nilikuwa na LibreOffice ya kubebeka, ile inayofanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kusakinishwa. Kasoro yake ni kwamba Windows huipa diski herufi inayotaka. Leo wewe ni E, kesho ni G, na kila njia ya mkato uliyotengeneza inakosa mwenyewe.

Saiba zina hatari yake. Virusi vile vinavyoficha folda zako na kukuachia vinjia vya mkato vya uongo, nimeviondoa mara zisizohesabika. Lakini hatari iliyokuwa ikinikosesha usingizi ni ya upole zaidi. Windows haijui kusoma ile sehemu ya Ubuntu. Ikiiona, badala ya kunyamaza, inafungua kidirisha na kuuliza kwa heshima zote kama ungependa kuifomati ili uweze kuitumia. Mhudumu wa saiba mwenye haraka anagonga ndiyo bila kusoma. Ndiyo moja tu, na mimi sina kompyuta. Kwa hiyo nilikata kipande cha selotepu ya karatasi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikakibandika juu ya diski: UKIULIZWA KUFOMATI, KATAA.

Kibandiko hicho kiko hapo hadi leo. Nitakirudia.

Septemba 2021 chuo kiliniacha, au nilikiacha, inategemea unamuuliza nani. Chuo chenyewe sitakitaja. Karo ilikuwa imerundikana mihula miwili, na bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani, na bila kadi hukai kwenye kiti. Nilikosa mitihani ya muhula mzima. Kisha ikaja barua, ya adabu sana, aya tatu. Niliipiga picha, nikaigeuza faili, nikaihifadhi kwenye diski. Karatasi yenyewe nikaitupa.

Mama yuko Voi. Anauza nguo za mitumba na ni katibu wa chama cha akina mama kumi na wanane. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia nikipata pesa ya kurudi, na ili nipate pesa ya kurudi nikaingia kwenye kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua kuliko wanavyokubali: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mtu anasomea uuguzi Marekani, ana kazi ya kuwasilisha saa sita usiku kwake. Mimi naifanya, naituma, yeye anapata alama. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwapiga marufuku wanaouza huduma hiyo kwa wanafunzi wa huko. Kwetu ilitufikia kama uvumi tu, na kama bei kushuka.

Kwa hiyo diski ikawa na folda mbili kubwa. Moja niliiita KAZI. Nyingine NYUMBANI, ya mambo ya Voi: vyeti, picha, ripoti za chama ambazo mama alikuwa akinisomea kwa simu nikamchapia. Ile barua niliitia NYUMBANI. Usiniulize kwa nini. Nadhani niliona kwamba ni mahali ambapo mtu wa Nairobi hawezi kuchungulia.

Kulikuwa na usiku mmoja, Mei 2022, ndio uliozaa ile sheria ya meza. Saa tisa na nusu usiku. Nilikuwa na maneno elfu moja na mia nane kuhusu utunzaji wa wagonjwa wa kisukari, yamebaki mia mbili, muda wa kuwasilisha saa kumi na mbili. Nikavuta kiti. Goti likagusa mguu wa meza. Waya wa diski hizi una kichwa kipana na chembamba, hakishiki vizuri hata kikiwa kipya, na wangu haukuwa mpya. Ulilegea kwa sekunde moja, ukarudi.

Ukichomoa diski yenye filamu, filamu inasimama, unarudisha, unaendelea. Ukichomoa diski yenye mfumo wenyewe, ni kama kumwondolea mtu sakafu akiwa amesimama. Ajabu ni kwamba hakuanguka papo hapo. Kishale kilikuwa kinatembea. Insha yangu yote ilikuwa pale kwenye kioo, naweza kuipandisha na kuishusha, kwa sababu ilikuwa bado kwenye ile kumbukumbu ya muda. Lakini nilipobonyeza kuhifadhi, ikakataa. Nikachomeka flashi, haikuonekana, maana programu ya kuitambua flashi iko kwenye diski, na diski kwa kompyuta ilikuwa imekufa. Na kile kihifadhi cha akiba ambacho LibreOffice hujitunzia kila dakika kadhaa? Kinatunzwa wapi, kama si kwenye diski ile ile.

Nilikaa kama dakika tano natazama maneno ambayo ninayaona na sina. Halafu nikachukua simu. Nikapiga picha kioo, ukurasa wa kwanza, nikashusha polepole, ukurasa wa pili, hivyo hivyo hadi wa saba, mkono ukitetemeka kwa sababu sikujua kioo kitaganda lini. Nikazima, nikawasha, nikangoja dakika zangu nne. Mara ya mwisho nilikuwa nimehifadhi kwa mkono nikiwa na maneno mia tisa. Nikaanza kuchapa upya yaliyobaki kutoka kwenye picha za simu. Nilituma saa kumi na mbili kasorobo. Yule mwanafunzi alilalamika kwamba kuna makosa mawili ya tahajia.

Asubuhi nilinunua rababendi.

Desemba ile nilienda Voi na bado sikuwa nimesema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mwaka wa nne. Nilikuwa hata na folda mpya tupu, nimeiita UTAFITI, nikawa naifungua mama akipita nyuma yangu. Najua inavyosikika.

Chama kilikuwa na mkutano wa kufunga mwaka Jumamosi. Usiku wa Ijumaa nilifanya kazi hadi saa kumi na moja, nikazima, nikalala. Jana yake nilikuwa nimemwambia mama kwamba ripoti iko tayari, iko ndani ya hiki kidude cheusi, tukiamka tutaenda kuichapisha. Nilisema tutaenda.

Niliamka saa nne. Laptopu ilikuwa pale pale mezani. Kompyuta haikuwepo. Rababendi zilikuwa zimewekwa kando, zote mbili, kwa utaratibu.

Kutoka kwetu hadi saiba ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilivaa viatu bila soksi. Njiani nilikuwa nafikiria kufomati tu. Naapa, sikuwa nafikiria barua. Nilikuwa namwona mhudumu, kidirisha, ndiyo. Nilikutana na mama katikati ya njia, karibu na kibanda cha mkaa, mkoba kwapani, anatembea mwendo wake wa kawaida.

"Mama, walikuuliza kufomati?"

"Waliulizwa. Umeandika kataa, wakakataa."

Nikashusha pumzi. Tukarudi pamoja bila kuongea sana. Nyumbani akatoa diski, akaiweka mezani taratibu kama yai. Kisha akatoa karatasi, akazipanga mafungu mawili.

"Ripoti ni kurasa nne, arobaini," akasema. "Hii nyingine ni moja, kumi."

Kompyuta hupanga faili kwa alfabeti. Barua-chuo, chama-ripoti, cheti-cha-kuzaliwa. Yule binti wa saiba alifungua folda ya NYUMBANI, akauliza, "Mama, ni hii ya kwanza?" na bila kungoja jibu akaifungua. Mama alifika kidato cha nne. Aya tatu za Kiingereza hazikumshinda. Baadaye aliniambia kwamba alizisoma mara mbili pale pale kwenye kioo, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake, kisha akamwambia binti, "Chapisha na hiyo pia."

Sikusema kitu. Aliniuliza, "Tangu lini?"

"Septemba. Mwaka jana."

"Na hizo pesa unazonitumia?"

Nikamweleza. Nilianza kwa kulipamba, nikaliita utafiti wa mbali, halafu nikaona sura yake nikalisema lilivyo. Watoto wa watu wanapewa kazi ya shule, mimi naifanya, wananilipa. Alikunja ripoti yake ya chama mara mbili, akaifungua tena.

"Kwa hivyo umewafanyia mitihani watoto wa watu," akasema, "na wako hukufanya."

Akaenda kwenye mkutano wake. Mimi nilikaa na diski. Sikuichomeka siku nzima.

Nilitegemea jioni iwe ya makelele. Badala yake alirudi, akapika, akakaa, akaanza kuniuliza maswali kuhusu kidude. Hiki ndicho chenye kila kitu? Ndio. Hata picha za msiba wa babu? Ndio. Hata ripoti zote za chama za nyuma? Zote.

"Na kikianguka?"

Nikaanza kumweleza habari za sahani na kichwa, kwamba kile kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mara maelfu kuliko unene wa unywele, kwamba kikianguka kikiwa kinazunguka ndio mwisho. Akaniacha nimalize.

"Sikuuliza kinavunjika vipi. Nimeuliza kikianguka, kingine kiko wapi?"

"Sina kingine."

Alinitazama kwa mshangao ambao ile barua haikuuleta. Chama chao kina daftari mbili, zile kubwa za jalada gumu. Moja huwa kwa katibu, moja kwa mweka hazina, na kila mkutano huanza kwa kuzisoma pamoja, mstari kwa mstari, hadi zilingane. Kuna mwaka nyumba ya mweka hazina iliungua. Daftari moja likaenda na moto, hesabu haikupotea hata shilingi. Hakuna kati yao aliyefundishwa kompyuta. Mimi niliyefundishwa nilikuwa nimeweka vyeti vyangu, msiba wa babu, mkate wangu na uongo wangu kwenye sahani moja inayozunguka, nimeishikilia kwa rababendi.

Januari chama kilinikopesha elfu tatu na mia tano kwa riba ya asilimia kumi. Si zawadi, alisisitiza, ni mkopo, na jina langu likaandikwa kwenye daftari zote mbili. Nilinunua diski ya pili. Nililipa kwa miezi mitatu.

Hiyo ya pili haina Ubuntu, haina programu, haifanyi kazi yoyote. Inakaa Voi, kwenye sanduku la bati la mama, pamoja na hatimiliki ya shamba na ile barua iliyochapishwa. Karatasi ya shilingi kumi amekataa kuitupa. Kila niendapo nyumbani nazichomeka zote mbili na kunakili kilichobadilika, na yeye hupita nyuma yangu akiuliza, "Zimelingana?"

Chuoni sijarudi. Insha za ng'ambo niliziacha kidogo kidogo mwaka 2023. Siku hizi naandika kwa jina langu, natafsiri, napata pungufu. Fundi wa Luthuli ameniambia kuna ekstano za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, na kwamba nitashangaa zinavyowaka haraka. Labda mwisho wa mwaka.

Mara ya kwanza kunakili, Januari ile, nilimwita mama aone. Nilichagua folda moja moja nikimsomea majina, vyeti, picha, chama, hadithi zangu. Nikafika KAZI. Faili mia sita na kumi na mbili, zote pamoja hazifiki ukubwa wa filamu moja. Nikamuuliza kama nazo niziweke.

"Hizo si zako," akasema.

Kwa hiyo sikuziweka. Ziko hapa mezani, nakala moja tu.